Futa kwanza, andika baadaye

Magazeti yetu ya Kiswahili yana kurasa za michezo, za udaku, za nyota na za kubashiri mechi. Wahariri, leo naomba kipande cha karatasi chenye upana wa kiganja, kila siku: mraba mmoja wa Sudoku, na chini yake maelezo ya Kiswahili ya hatua moja tu ya kuufungua. Jibu zima mnaweza kulichapa kesho yake au msilichape kabisa, halinisumbui. Ninachokitaka ni yale maelezo.

Nafanya kazi maabara, katika zahanati moja ya Tandika, Dar es Salaam, na naishi Mbagala Kizuiani. Kazi yangu ni kuchoma vidole, kupaka damu kwenye vioo na kuinamia hadubini mpaka shingo inauma. Mimi si daktari, lakini mtaani kwetu kila aliyevaa koti jeupe ni dokta, basi na mimi nimeitika. Mgonjwa akifika dirishani kwangu, mara nyingi ameshaamua anaumwa nini. "Dokta, nipime malaria na taifodi." Mwingine anaongeza na yutiai, kama mtu anayeagiza chipsi mayai na kachumbari. Sudoku niliikuta katika ukurasa wa gazeti la Kiingereza uliofungiwa vitumbua, nikaipenda tangu hapo, kwa sababu ni mahali pekee ninapopajua ambapo mtu hawezi kuagiza jibu.

Kwa asiyeifahamu, achukulie mtaa wa nyumba tisa za kupanga, tatu kwa tatu, kila nyumba ina vyumba tisa. Vyumba vyote ni 81. Wapangaji wanaitwa kwa namba, Moja mpaka Tisa, na mwenye mtaa ana masharti matatu: ndani ya nyumba moja namba isijirudie, katika mstari mzima unaokatiza mtaa kutoka kushoto kwenda kulia isijirudie, na katika safu nzima inayoshuka kutoka juu hadi chini isijirudie. Baadhi ya vyumba vimeshajazwa na mtunzi. Vilivyobaki ni vyako. Hakuna kujumlisha wala kuzidisha. Ungeweza kutumia herufi au picha za matunda, na mchezo usingebadilika hata kidogo.

Waliouleta duniani ni watu wa kazi za mpangilio. Howard Garns, Mmarekani mchoraji wa majengo aliyestaafu, ndiye anayetajwa kuutunga, na ulichapwa mwaka 1979 katika jarida la mafumbo la kampuni ya Dell. Mwaka 1984 kampuni ya Nikoli ya Japani, ya Maki Kaji, ikauchukua na kuupa jina la Sudoku. Kisha akaja Wayne Gould, mzaliwa wa New Zealand aliyekuwa jaji huko Hong Kong. Aliuona Tokyo mwaka 1997, akakaa miaka kadhaa akiandika programu ya kompyuta ya kuutunga, na Novemba 2004 gazeti la The Times la London likaanza kuuchapa. Kwamba jaji ndiye aliyeusambaza hainishangazi. Jaji mzuri hatakiwi kumtia mtu hatiani kwa sababu anafanana na mwizi.

Sasa njoo uone watu wa kwetu wanavyoucheza. Jirani na zahanati kuna kijiwe cha bodaboda. Abiria wakiadimika, vijana wanacheza drafti kwa vizibo vya soda, au wanachambua mkeka wa mechi za Jumamosi. Nikitoka kupunga upepo na karatasi yangu, hakosi mmoja wa kunyoosha kidole: "Dokta, we weka saba hapo, itajipa." Nikimuuliza kwa nini saba, jibu ni lile lile: "Inaonekana inakaa."

Inaonekana inakaa. Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Namba iliyobahatishwa haipigi kelele siku ya kuingia. Inakaa kimya, inakubali majirani, na kwa sababu yake unajaza vyumba vingine kumi, ishirini, kila kimoja kikiwa na mantiki safi iliyojengwa juu ya uongo. Mwishoni unakuta Tisa wawili wamekutana mstari mmoja, nawe huna njia ya kujua nani alianza kuharibu. Dawa ni kufuta kila kitu. Aliyebahatisha hapotezi chumba kimoja tu. Anapoteza kazi yote iliyofuata, na baya zaidi, anapoteza uwezo wa kujua alipokosea.

Njia ya pili ni ya kufuta. Badala ya kuuliza nani anakaa humu, unauliza nani hawezi kukaa humu. Tuchukue chumba kimoja kitupu. Mstari wake una 1, 4 na 9. Safu yake ina 2, 6 na 7. Nyumba yake ina 3 na 5. Hesabu wote hao: wanane wameshafukuzwa mlangoni. Amebaki 8, na 8 anaingia hata kama sura yake hukuipenda. Hii ndiyo hatua ya kwanza, na mtoto wa darasa la tatu anaiweza.

Hatua ya pili inageuza swali. Sasa unashika namba moja na kuuliza itakaa wapi. Nyumba tatu za juu zimepangana. Katika nyumba ya kushoto, 5 yupo mstari wa kwanza. Katika nyumba ya kati, 5 yupo mstari wa pili. Basi katika nyumba ya kulia, 5 hana pa kwenda ila mstari wa tatu. Mstari huo ndani ya nyumba hiyo una vyumba vitatu. Kimoja kina 2, kingine kina 8. Kilichobaki ni cha 5. Angalia: chumba hicho chenyewe ukikitazama peke yake, huenda kingeweza kupokea namba nne au tano tofauti. Hakikusema lolote. Waliosema ni majirani zake.

Ya tatu ndiyo inayowatoa jasho vijana wangu wa kijiweni. Katika mstari mmoja kuna vyumba viwili, na kila kimoja, baada ya kufuta, kimebakiwa na 2 na 7 tu. Hujui nani ni 2 na nani ni 7. Lakini unajua kwamba hao wawili wamejifungia humo, hawatoki. Basi chumba cha tatu katika mstari huo huo, kilichokuwa kinasubiri 2 au 9, leo kimepata jibu: ni 9. Umepata uhakika kutoka kwa watu wawili ambao wewe mwenyewe hujawajua vizuri.

Ndugu yake wa karibu ni hii: ndani ya nyumba moja, 4 anaweza kukaa katika vyumba viwili tu, na vyote viwili viko mstari mmoja. Chochote kitakachotokea, 4 wa mstari ule atatoka katika nyumba hii. Basi mfute 4 katika vyumba vyote vya mstari huo vilivyo katika nyumba nyingine. Hujaandika namba hata moja, lakini umeshajua mengi zaidi ya ulivyojua dakika moja iliyopita. Zipo mbinu za juu zaidi, kama ile ya 6 ambaye katika mistari miwili anaweza kukaa katika safu mbili zile zile tu, pembe nne za mstatili, kwa hiyo anafutwa kwingine kote katika safu hizo. Zote ni matawi ya mti mmoja. Huingizi namba mpaka sababu iseme.

Anayedhani atashinda kwa bahati ajue anapambana na nini. Mwaka 2005 wanahisabati Bertram Felgenhauer na Frazer Jarvis walihesabu mitaa yote kamili inayowezekana, wakapata 6,670,903,752,021,072,936,960. Mtunzi mwaminifu anakuachia mmoja tu kati ya hiyo. Na ili abaki mmoja, ni lazima akupe namba zisizopungua 17. Hilo nalo lilithibitishwa kwa kufuta: Januari 2012, Gary McGuire na wenzake wa University College Dublin walitangaza kwamba walipekua kwa kompyuta kubwa, wakahakikisha kwamba hakuna fumbo la namba 16 lenye jibu moja tu.

Nirudi maabara, maana huko ndiko hoja yangu inakotoka.

Mtoto ana homa. Kwa miaka mingi jibu la Dar es Salaam lilikuwa moja: malaria. Halikuwa jibu la wajinga. Miongozo yenyewe, pale vipimo vilipokuwa haba, iliruhusu mtoto mwenye homa atibiwe malaria bila kupimwa. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likabadili msimamo: kila anayedhaniwa ana malaria apimwe kwanza, mtoto kwa mkubwa. Kipimo cha haraka, hicho tunachokiita mRDT, kinataka tone la damu ya kidole na dakika zisizozidi ishirini. Mstari mmoja, hakuna malaria. Miwili, ipo.

Sasa kama si malaria, ni nini? Swali hilo lilijibiwa hapa hapa kwetu. Mwaka 2008 Valérie D'Acremont na wenzake, Watanzania na wa ng'ambo, waliwachunguza watoto 1,005 wenye homa, wa chini ya miaka kumi, Dar es Salaam na Ifakara. Kila mtoto alipimwa vitu chungu nzima, kimoja baada ya kingine, kufuta na kubakiza. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014 katika jarida la tiba la New England. Maambukizi ya njia ya hewa: asilimia 62. Malaria: kama asilimia 10 na nusu. Maambukizi ya njia ya mkojo: karibu asilimia 6. Taifodi, hiyo inayotajwa kila kona ya Tandika: chini ya asilimia 4. Watoto saba katika kila kumi walikuwa na ugonjwa wa virusi, ambao dawa ya malaria haiutambui na antibaotiki haiugusi.

Mwaka huo huo wa 2014 jiji likapata somo la pili. Homa ya dengue ililipuka, na Kinondoni ndiyo iliyoumia zaidi. Watu walikuja na homa kali, maumivu nyuma ya macho, viungo vimelegea, kipimo cha malaria kinasema hakuna. Nakumbuka mabishano ya dirishani. Wengine walisema malaria imejificha, wakaondoka kwenda kununua dawa duka la pembeni. Kumbe ule mstari mmoja kwenye kipimo ulikuwa habari kubwa kuliko walivyodhani. Umemfuta mpangaji mmoja, sasa tazama nani amebaki. Dengue ilirudi tena mwaka 2019, na maneno ya kujificha kwa malaria yakarudi nayo.

Sisemi mgonjwa ni fumbo la gazetini. Tofauti ipo, na ni kubwa. Katika Sudoku namba za mtunzi ni za kweli, unaweza kuegemea bila hofu. Katika maabara hata kile unachopewa huwa na walakini. Kipimo cha Widal cha taifodi kinatafuta kinga za mwili, si mdudu mwenyewe; kinga hizo zinaweza kuwa za ugonjwa wa zamani au wa kitu kingine kabisa. Na mRDT inaweza kuonesha mistari miwili wiki kadhaa baada ya mtu kumaliza dozi, kwa sababu mabaki ya mdudu bado yanaelea katika damu. Kwa hiyo anayefuta katika maisha lazima aulize pia: hiki nilichofutia kina nguvu gani? Lakini ili uulize swali hilo, sharti uwe umeshajenga mazoea ya kufuta kwa sababu. Anayebahatisha hafiki huko hata siku moja.

Nimesikia pingamizi mbili, na zote zina uzito.

Ya kwanza ni ya wazee wa bao. Wanasema tuna mchezo wetu wenye mashimo 32 na kete 64, unaotaka akili kuliko huo wa magazeti. Nakubali kabisa. Anayeweza kufuata kete zake mzunguko mzima kichwani kabla hajaziokota shimoni ana akili ambayo mimi sina. Ila bao lina mpinzani, na mpinzani hukuvumilia ukibahatisha akiwa naye amebahatisha. Wapo wengi wanaoshinda kijiweni kwa sababu mwenzao kachoka. Sudoku haina mtu wa kuchoka. Tuwe na vyote viwili.

Ya pili ni nzito zaidi. Mwaka 2010 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Adrian Owen na wenzake. Watu 11,430 walifanya mazoezi ya akili kwenye kompyuta kwa wiki sita. Waliboreka katika mazoezi yale yale waliyofanya; nje ya hapo hawakuonekana kupata faida. Kwa lugha ya Mbagala, anayecheza sana Sudoku atakuwa hodari wa Sudoku, basi. Sitajificha nyuma ya kidole kusema vinginevyo. Atakayekuambia mchezo huu utamfanya mwanao awe daktari anauza maneno.

Lakini ndiyo maana sikuomba mraba peke yake. Namba bila maelezo ni burudani. Kinachoweza kuvuka kutoka karatasini kwenda maishani ni ile sentensi inayotamkwa kabla ya kalamu kugusa karatasi: "Si 3, kwa sababu 3 yupo mstari huu. Si 6, kwa sababu 6 yupo nyumba hii." Mtoto wa dada yangu, ninayeishi naye, ana sheria moja mezani kwangu: haandiki namba mpaka ataje waliofukuzwa na aliyewafukuza. Mwanzoni alilalamika. "Mamdogo, si naona tu ni nane!" Nikamwambia na mimi naona, ila sitaki macho yake, nataka sababu zake. Siku hizi akiniona nimewasha taa na haiwaki, ananiuliza kama umeme umekatika mtaa mzima au kwetu tu, kama luku imeisha, kama ni balbu. Hilo halikutoka katika namba. Limetoka katika kulazimishwa kusema.

Shule zetu zinahitaji hili kuliko kijiwe changu. Mwaka 2012 Baraza la Mitihani lilianza kusahihisha mtihani wa darasa la saba kwa fomu zinazosomwa na mashine. Mtoto anaweka kivuli katika herufi moja kati ya tano. Hata asiyejua kitu, akibahatisha kote, kwa wastani anapata swali moja katika kila matano. Baadaye hisabati ikarudishiwa maswali machache ya kuonesha njia, na lilikuwa jambo jema. Lakini hata swali la kuchagua lina heshima yake likifundishwa vizuri. Mtoto anayeweza kukata A, C na E na kutaja kwa nini kila moja imekatwa, amefikiri. Anayeweka kivuli B kwa sababu B haijatoka muda mrefu, amecheza mkeka.

Mwalimu mwenye wanafunzi mia darasani atasema hana vifaa. Hakuna kifaa. Chora ubaoni mraba mdogo, vyumba 16, nyumba nne, namba 1 hadi 4. Weka namba sita au saba, hakikisha jibu ni moja tu, kisha uliza darasa zima: humu nani hawezi kukaa? Mstari una 1 na 3, safu ina 4. Watoto watapiga kelele "mbili!" Wewe usiandike mpaka mmoja asimame na kueleza. Haihitaji Kiingereza, haihitaji umeme, na mtoto mgumu wa kuzidisha anaweza kumshinda aliyekariri jedwali lote. Kwa wanaopenda udongo kuliko chaki, uwanja wa shule unatosha.

Kwa wahariri, gharama yenu ni kiganja kimoja cha karatasi na mtu mmoja wa kuandika mistari minne ya Kiswahili chepesi. Jumatatu hatua ya kwanza, Jumanne ya pili, na kuendelea, kisha rudieni. Msiogope kurudia, shule zote hurudia. Msitafsiri majina ya mbinu kutoka vitabu vya watu, elezeni tu kinachofanyika, kama nilivyojaribu hapa.

Na kwako msomaji, lako ni dogo. Safari ijayo mtu atakapokuandikia dawa kabla ya kukuchoma kidole, au kukuambia una taifodi kwa kukutazama usoni, muulize kwa adabu: "Dokta, umeshafuta nini?" Akikutajia, kaa umsikilize, huyo anajua kazi yake. Akikasirika, chukua kadi yako ukapime kwingine.